Kuchagua eneo la kambi ya Kanda ya Ziwa: mwongozo kwa waandaaji

Shule zikikaribia kufungwa mwezi wa sita, makundi mengi ya Kanda ya Ziwa huanza kupanga kambi: skauti, vijana wa parokia, kwaya, vijana wa misikiti, watu waliosoma pamoja. Mtu akiuliza kwenye kundi la WhatsApp "mwaka huu tunaenda wapi?", haipiti saa moja picha za fukwe zimejaa. Mchanga mweupe, miamba, jua linazama. Picha hizo karibu zote zimepigwa mchana au jioni, wakati kambi huthibitika usiku, watu wamelala, choo kiko wapi hakijulikani na mvua inaingia kutoka ziwani.

Mwongozo huu ni kwa yule aliyekabidhiwa kazi ya kutafuta eneo. Nimeuandika nikiwa na picha ya kundi la watu 40 hadi 60, wengi wao vijana, watakaolala usiku mbili au tatu, wakitoka Mwanza, Geita, Kagera, Mara, Simiyu na Shinyanga. Msimamo wangu nauweka wazi mapema: kwenye kambi ya kundi kubwa, ziwa ni la kutazama na kulisikia, hema likae mbali na maji. Mengi yaliyo hapa chini yanatokana na hilo.

Hatua ya 1: Anza na watu na barabara

Kabla ya kutaja jina la ufukwe wowote, andika wanaokuja wanatoka wapi na ni akina nani. Kutoka Bukoba hadi Mwanza ni zaidi ya kilomita 400 kwa barabara. Kutoka Musoma ni zaidi ya 200. Kutoka Shinyanga ni kama 160. Ukiweka kambi upande wa Musoma kwa sababu wewe ni mtu wa Mara, wenzako wa Kagera watatumia siku mbili kati ya tatu ndani ya basi.

Kanuni ninayoishikilia ni hii: anayetoka mbali kuliko wote aweze kuanza safari asubuhi na kufika kambini kabla ya saa kumi jioni. Akifika saa hiyo anapata mwanga wa kusimamisha hema, kuona choo kilipo na kuoga. Anayefika saa tatu usiku hulala popote alipoangukia, na kiongozi wake hana namna ya kumhesabu vizuri. Kama eneo halitimizi kanuni hiyo kwa kundi la mbali, lifute kwenye orodha hata kama linapendeza vipi.

Kwenye hesabu hiyo ya njia kuna jambo moja limebadilika. Daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa kilomita 3, lilifunguliwa Juni 2025. Zamani anayekwenda Sengerema, Geita au Chato kutokea Mwanza alipanga siku yake kwa kufuata kivuko. Sasa basi linapita moja kwa moja, na watu wa Kagera wanaingia Mwanza bila kukaa foleni Busisi. Maeneo ya Sengerema na Buchosa ambayo waandaaji waliyakwepa kwa sababu ya kivuko yanastahili kutazamwa upya. Kwa upande wa mashariki, Lamadi ni njia panda nzuri sana: barabara ya Mwanza–Musoma inapita hapo, na ya Bariadi inaanzia hapo hapo. Kundi lenye watu wengi wa Mara na Simiyu litaona nafuu kubwa kukutana maeneo hayo.

Kisha tazama watu wenyewe. Nani anatumia dawa kila siku? Nani anatembea kwa magongo? Kuna mama atakayekuja na mtoto mchanga? Majibu haya yanafuta maeneo mengine yenyewe, hasa yale ya kupanda miamba na yale ya kufikia kwa mtumbwi.

Hatua ya 2: Tarehe na eneo vichaguliwe pamoja

Waandaaji wengi hupanga tarehe kwanza, kisha wanatafuta pa kwenda. Huku ziwani vitu hivi viwili havitenganishiki. Mvua za vuli hunyesha kuanzia Oktoba au Novemba hadi Desemba, za masika Machi hadi Mei. Juni hadi Agosti ndio wakati mkavu, na kwa bahati njema likizo ya katikati ya mwaka inaangukia humo. Kambi ya Desemba inawezekana, lakini kwa Desemba mimi nachagua eneo lenye jengo la kukimbilia: darasa, ukumbi wa parokia, banda la mabati. Hema peke yake halitoshi.

Halafu kuna mwezi wa angani. Waandaaji wachache huuliza habari zake, na kwa wavuvi ndio kalenda yenyewe. Dagaa huvuliwa kwa taa, usiku wa giza. Siku hizo mwalo, yaani ufukwe ambako wavuvi hushushia samaki, haulali. Mitumbwi inaingia na kutoka, mashine zinaunguruma, alfajiri akina mama wanamwaga dagaa mchangani na kuwageuza jua likipanda, malori ya wanunuzi yanapiga honi. Ukiweka mahema ya watu sitini karibu na hapo umeweka kambi katikati ya kazi ya watu, na harufu yake utaibeba hadi nyumbani kwenye blanketi. Mbalamwezi ikiwa kali, taa hazivuti dagaa, kwa hiyo wavuvi wengi wa dagaa hupumzika. Mchanga unabaki mtupu, mwalo unatulia, na vijana wenu wanaona njia ya chooni bila tochi. Tafuta mwisho wa wiki ulio karibu zaidi na mwezi mpevu ndani ya likizo, kisha ndio uanze kuulizia maeneo.

Hatua ya 3: Orodha fupi

Chukua maeneo matatu au manne, yasizidi hapo. Nitataja baadhi ninayoyafikiria, na ninavyoyaona kwa kundi kubwa.

Shule na vituo vya dini nawaweka wa kwanza, ingawa hawapendezi kwenye picha. Shule ya sekondari iliyofungwa kwa likizo ina uwanja tambarare, matundu ya vyoo, tenki la maji, jiko kubwa, mlinzi, na madarasa ya kukimbilia mvua ikija. Zipo nyingi zenye mandhari ya ziwa kuanzia Ilemela hadi Magu, na upande wa pili Sengerema na Buchosa. Andikia mkuu wa shule mapema, kwa barua, na ulize kama kuna kidato kinachobaki shuleni kwa masomo ya ziada. Kwa kambi ya kwanza ya kundi ambalo halijawahi kulala nje pamoja, sioni eneo bora kuliko hili.

Bujora, pale Kisesa wilayani Magu, ni umbali mfupi kutoka jijini Mwanza. Ni makumbusho ya Wasukuma yaliyoanzishwa na Padre David Clement miaka ya 1950, yenye ngoma za watemi, nyumba ya jadi na historia inayoelezwa na wenyeji. Kambi yenye watu wa makabila mengi inapata cha kufanya mchana bila kuingia majini. Mwezi wa sita, karibu na sikukuu ya Ekaristi, hufanyika Bulabo, tamasha la ngoma ambapo Bagika na Bagalu, makundi mawili ya wachezaji wa Kisukuma, hushindana kucheza. Kama kambi yenu inagongana na Bulabo, ama mjiunge nayo kwa makusudi na kupanga malazi miezi kabla, ama msogeze tarehe. Kufika siku hizo bila mpango ni kukosa nafasi.

Saanane, kisiwa kilicho mbele ya Capri Point jijini Mwanza, ni hifadhi ya taifa tangu 2013, na kabla ya hapo palikuwa bustani ya wanyama iliyoanza 1964. Ni ndogo kuliko hifadhi zote za taifa nchini. Kwa kundi la watu sitini naiona ni ziara ya mchana: boti ni dakika chache, mnapanda miamba, mnaona swala na pimbi, mnarudi kulala bara.

Ufukwe wa Ghuba ya Speke, kuanzia Lamadi hadi karibu na geti la Ndabaka la Serengeti, una mchanga mzuri na njia nzuri, na kuna wenye hoteli wanaokodisha uwanja wa mahema. Ubaya wake ni tembo. Wanyama hawa hutoka hifadhini na kuingia mashamba ya vijiji vya Bunda na Busega, hasa mazao yakikomaa. Ulizia kijijini wiki ileile ya safari, kwa sababu habari ya mwezi uliopita haikusaidii. Kama tembo wanapita, laleni ndani ya uzio wa mahali penye walinzi.

Rubondo ni kisiwa cha kilomita za mraba 456.8, hifadhi ya taifa tangu 1977. Kuna nzohe, twiga, tembo, na sokwe ambao wahenga wao waliletwa kati ya 1966 na 1969. Ni mahali pazuri mno, na kwa watu kumi na wawili wenye bajeti ningepachagua bila kusita. Kwa sitini, gharama ya boti na malazi inawaacha nje vijana wengi mliotaka wawepo.

Ukerewe nitaizungumzia kwenye hatua ya usafiri wa majini.

Hatua ya 4: Nenda ukalale hapo

Eneo ambalo hakuna kiongozi wenu aliyelala usiku mmoja halijakaguliwa. Nendeni wawili au watatu, mfike saa nane mchana, mlale, mwondoke saa tatu asubuhi. Muda huo unapita saa zote ngumu. Hatua hii ndiyo ninayowasihi waandaaji wasiiruke hata kama nauli ni ya kuungaunga.

Mkifika, msianze kupima. Salimieni kwanza. Kwenye mwalo huwa hakosekani mzee anayeshona nyavu chini ya mti. "Shikamoo mzee. Ule mwaka maji yalipopanda, yalifika wapi?" Atawaonyesha kwa kidole. Ziwa Victoria lilipanda sana mwaka 2020, na likapanda tena 2024. Miti mikavu iliyosimama ndani ya maji, msingi wa kibanda unaoonekana chini ya mawimbi, nyasi zilizoachwa zimenasa kwenye uzio juu ya ufukwe, hizo ni alama za mahali maji yalipofika. Picha ya ufukwe mpana ya miaka kumi nyuma inaweza kuwa ya mchanga ambao leo uko chini ya maji.

Halafu pimeni hatua 80 za mtu mzima kutoka ukingo wa maji kwenda juu. Hiyo ni kama mita 60, umbali ambao ndani yake Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu. Kambi yenu si ya kudumu, lakini mstari huo unafaa sana kwa kambi: mahema yote yawe juu yake. Chini yake mtembee mchana, mkae jioni na gitaa, usiku msilale.

Sababu ya kwanza ni kiboko. Usiku hutoka majini kwenda kula majani, akifuata njia ileile kila siku. Njia hiyo inaonekana: mfereji mpana wa majani yaliyolala, wakati mwingine na mstari katikati ambako miguu haikanyagi, na kinyesi kilichotawanywa kwenye vichaka kwa sababu kiboko huwa anakirusha kwa mkia. Mkiona hivyo, ulizeni anapanda upande gani na anarudi saa ngapi. Hema lililowekwa kati yake na maji ni hatari kubwa, kwa sababu akishtuka hukimbilia majini kwa njia iliyonyooka. Sababu ya pili ni mamba. Angalieni wenyeji wanachotea wapi maji. Wakiwa wanachota ndani ya kizimba cha nguzo au waya, au wanatumia ndoo yenye mpini mrefu, mmeshapata jibu, na hapo pasiwe na kuoga wala kufua ziwani kwa mtu yeyote wa kambi.

Udongo nao una maneno yake. Karibu na vilima vya mawe kuna luseni, mchanga mchanga, ambao maji hupenya upesi na vigingi vya hema huingia vizuri ingawa vinahitaji kuwa virefu. Ukishuka kidogo unakuta itogolo, udongo mgumu chini, unaotuamisha maji juu yake kama bakuli. Bondeni ni mbuga, udongo mweusi: wakati wa kiangazi umepasuka nyufa, mvua moja ikinyesha basi la Costa linazama hadi ekseli. Chimbeni shimo la kina cha kiwiko, mimina ndoo ya maji. Yakiwa yamenywewa mkimaliza kunywa chai, pazuri. Yakiwa bado yametuama, tafuteni pengine. Na barabara ya kuingilia itazameni kwa jicho hilohilo, kwa sababu uwanja unaweza kuwa luseni tupu na mita mia tatu za mwisho zikawa mbuga.

Miamba ya Mwanza inavutia vijana, na kila kambi ina mtu anayetaka kuweka hema juu yake. Juu ya mwamba kigingi hakiingii, upepo unapiga pande zote, na radi ya usiku inatafuta mahali palipoinuka. Chini ya jiwe lililobebwa na jiwe jingine pia msilale, hasa kwenye mteremko ambako mvua imekula udongo. Nyufa za mawe zina nyoka wanaofuata pimbi na mijusi. Mwamba uwe mahali pa kukaa jioni kutazama jua likizama, na mtu mzima awepo.

Sikilizeni upepo kwa saa zote. Mchana, nchi kavu ikipata joto, upepo hutoka ziwani kuja bara. Usiku hugeuka, hutoka bara kwenda ziwani. Maana yake kwenye ramani ya kambi ni kubwa: choo au jiko lililowekwa nyuma ya mahema, upande wa bara, litawaletea harufu na moshi usiku kucha, na lililowekwa upande wa ziwa litawasumbua mchana. Vyote viwili viwekwe pembeni, kushoto au kulia ya mahema ukiwa umeelekea ziwani. Mvua kubwa za huku pia hupenda kujikusanya juu ya ziwa usiku na kuingia kabla ya kukucha, ndiyo maana nasema mlale hapo hadi asubuhi.

Washeni taa moja saa mbili usiku, mkae mbali nayo kidogo. Mtaona ni mbu wa kiasi gani na kama wale wadudu wadogo wanaopanda kwa mawingu kutoka ziwani wanafika. Hawang'ati, lakini wanajaa kwenye sufuria ya mboga. Kama wanafika kwa wingi, pangeni chakula cha jioni kiliwe kabla ya giza. Mbu wanataka chandarua kwa kila mtu, bila ubishi, kwa sababu malaria ipo mwaka mzima kanda hii.

Hatua ya 5: Maji, vyoo na suala la kuogelea

Kwa mipango, weka lita 15 kwa mtu kwa siku, za kunywa, kupikia na kuoga. Watu 60 kwa siku mbili ni lita 1,800, yaani simtanki la lita 2,000 lililojaa. Uliza: maji haya yanatoka wapi, nani anayaleta, na pampu ikiharibika kuna njia gani ya pili? Jibu la "ziwa si lipo hapo" halikubaliki kwa maji ya kunywa. Maji ya ziwani karibu na makazi yana uchafu wa mwalo mzima, na kipindupindu kinapoingia kanda hii hufuata fukwe. Yachemshwe au yawekwe dawa kwa kufuata maelekezo ya pakiti.

Vyoo: tundu moja kwa watu 20, wasichana na wavulana mbali, mlango unaofungwa kwa ndani, taa usiku, na mahali pa kunawa kwa sabuni. Vikiwa pungufu, mna kazi ya kuchimba, na mmiliki akubali kwa maandishi. Shimo liwe mita 30 au zaidi kutoka kisimani, na juu ya ule mstari wa mita 60. Mimi eneo lenye vyoo vibovu nalikataa hata kama mengine yote yametimia. Wasichana hujizuia kunywa maji ili wasiende chooni usiku, na siku ya pili ndio wanaoanguka juani.

Kuogelea kuamuliwe kabla ya kuchagua eneo, kwa sababu kundi likifika ufukweni bila msimamo, wataingia tu. Tatizo la kudumu ni kichocho. Vijidudu vyake hutoka kwa konokono wadogo wanaoishi kwenye maji yaliyotulia, penye majani na magugumaji, na huingia mwilini kupitia ngozi. Hutoka kwa wingi zaidi jua likiwa kali, mchana, saa zilezile watoto wanapotaka kuoga. Sehemu yenye mawimbi na mchanga mtupu ina konokono wachache kuliko ghuba yenye majani, lakini huwezi kusema ni salama kwa kuitazama. Ushauri wangu ni kuchagua eneo ambalo furaha yake haitegemei kuingia majini. Maji ya kuogea ya ziwani yachujwe kuondoa konokono, kisha yakae kwenye chombo saa 48, vijidudu hivyo hufa. Waliogusa ziwa wapimwe wiki kadhaa baadaye, maana dawa ya praziquantel huua minyoo iliyokomaa na ukiinywa mapema mno haimalizi kazi.

Hapohapo pima njia ya hospitali. Endesheni usiku, kwa gari litakalokuwepo kambini, hadi kituo cha afya kilicho karibu, mhesabu dakika, muulize kama wana dawa ya sumu ya nyoka na kama daktari yupo siku za wikendi. Bugando ni hospitali ya rufaa ya kanda na ipo Mwanza mjini, lakini mgonjwa anahitaji kuanzia mahali. Ikizidi saa moja, mimi naliacha eneo hilo.

Hatua ya 6: Ruhusa na ulinzi

Mmiliki wa kiwanja akikubali, kazi haijaisha. Nenda kwa mtendaji na mwenyekiti wa kijiji au mtaa ukiwa na barua ya utambulisho yenye idadi ya watu, umri, tarehe na simu za viongozi wawili. Toa nakala kituo cha polisi. Kama ni mwaloni, ongea pia na viongozi wa BMU, kikundi cha wavuvi kinachosimamia mwalo, kwa sababu wao ndio wanaojua mitumbwi ya nani inaegeshwa wapi na nyavu zinaanikwa lini.

Na usiache sungusungu. Vijiji vingi vya Usukumani vina ulinzi wao wa usiku, na tochi za wageni zinazotembea porini saa saba usiku zitaulizwa kwa ukali. Muombe mwenyekiti akutambulishe kwa kamanda wao, kubalianeni vijana wawili au watatu wa kijiji walinde pamoja na wenu, na malipo yao yajulikane mapema. Kambi iliyoajiri vijana wa hapo, ikanunua kuni, michembe (viazi vitamu vilivyokaushwa) na sato hapo hapo, inalindwa na kijiji kizima.

Hifadhi za taifa zina utaratibu wake. Malipo hufanywa kwa namba ya malipo, raia hulipa kwa shilingi wakiwa na vitambulisho, na viwango hubadilika, kwa hiyo viulizwe ofisi ya hifadhi kabla hamjatangaza mchango. Mageti hufungwa jioni saa kumi na mbili. Basi likichelewa Magu, mtalala nje ya geti.

Hatua ya 7: Kama eneo ni kisiwani

Ukerewe ina mchanga, matunda, watu wakarimu na utulivu ambao bara hakuna. Unaweza kufika Nansio kwa meli kutoka Mwanza, au kuzunguka kwa barabara kupitia Bunda hadi Kisorya na kuvuka kwa kivuko hadi Rugezi, njia ambayo basi lenu linavuka nanyi. Kwa kundi lenye vijana wadogo napendelea ya Kisorya, kwa sababu sehemu ya majini ni fupi.

Kila anayepanga safari ya kisiwani anapaswa kujua kilichotokea tarehe 20 Septemba 2018. MV Nyerere ilipinduka ikiwa karibu kabisa kufika Ukara. Ilikuwa imeruhusiwa kubeba watu 101, na waliokufa walikuwa 228. Kabla yake, tarehe 21 Mei 1996, MV Bukoba ilizama ikiwa inakaribia Mwanza, na familia nyingi za kanda hii bado zina mtu wao kwenye makaburi ya Igoma. Kwa hiyo sharti langu halina mjadala: idadi inayoruhusiwa ya chombo isomwe kwenye chombo chenyewe, kiongozi ahesabu watu wote waliomo, si wa kundi lake tu, na ikizidi kundi lishuke. Jaketi okozi lipatikane kwa kila mtu, livaliwe kabla ya kuondoka. Mitumbwi ya kukodi kwa kundi la watoto, hapana.

Safiri asubuhi baada ya mvua za alfajiri kupita, kabla upepo wa mchana haujainua mawimbi, na soma utabiri wa Ziwa Victoria wa Mamlaka ya Hali ya Hewa siku moja kabla. Weka siku ya akiba: kama ziwa limechafuka siku ya kurudi, mtabaki. Kundi ambalo haliwezi kabisa kuchelewa siku moja, kwa sababu ya mitihani au kazi, lichague eneo la bara.

Hatua ya 8: Uamuzi

Usipeleke maeneo manne kwenye kundi la WhatsApp yapigiwe kura kwa picha. Waliolala pale wakae pamoja, wafute kwanza yaliyokosa sharti la msingi: kufika kabla ya saa kumi, maji, vyoo, hospitali ndani ya saa moja, ruhusa ya maandishi. Yakibaki mawili, hayo ndiyo yapelekwe, kila moja na gharama kamili kwa mtu mmoja: nauli kutoka mkoa wake, kiwanja, maji, chakula, walinzi, dawa. Gharama itofautishwe kwa mikoa, na hapa naomba jambo moja. Kijana wa Ngara au Biharamulo anayelipa nauli mara tatu ya yule wa Nyakato, Mwanza, apunguziwe mchango wa chakula, na tofauti ibebwe na walio karibu.

Baada ya uamuzi, lipa sehemu ya malipo na uchukue risiti. Mteue mtu mmoja wa kupiga simu kwa mtendaji wiki mbili kabla na tena siku tatu kabla, akiuliza mambo manne tu: maji yapo, barabara inapitika, kuna ugonjwa wowote wa mlipuko, na wanyama wameonekana wapi. Eneo la pili kwenye orodha lisiachiwe hadi simu ile ya mwisho iwe imepigwa. Mwenye eneo hilo aambiwe ukweli kwamba ni la akiba, na kama anataka kifuta jasho cha kuwashikia nafasi, kiwe kwenye bajeti tangu mwanzo.